Jinsi ya kuchora fonti ya stensili ya kijiometri na kuitumia, kuanzia gridi mpaka rangi ukutani

Ukikata herufi O kwenye karatasi ngumu kwa wembe, kile kipande cha katikati kinadondoka. Ukipuliza rangi hapo unapata duara lililojaa, sio O. Ndo maana herufi za stensili zina mikato ile myembamba, na kila mkato ni daraja linaloshika kipande cha ndani kisianguke. Watu wengi wanaotaka kuchora fonti ya aina hii wanachukua fonti yoyote nene alafu wanapitisha mistari myeupe juu yake, na matokeo yake yanaonekana kabisa, herufi zinakuwa kama zimekatwa kwa bahati mbaya. Daraja linatakiwa liwepo kwenye mchoro tangu mwanzo. Unalipangia upana, mwelekeo na sehemu yake kabla hujachora herufi ya pili, na mwongozo huu wote nimeujenga kwenye hilo.

Kidogo kuhusu ilikotoka. Msanii Josef Albers alipokuwa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu kule Dessau, Ujerumani, miaka ya 1920, alitengeneza herufi za stensili kwa maumbo machache tu, mraba, pembetatu na robo duara, na baadae akaja na toleo lingine la mraba, robo duara na duara zima. Vipande havigusani, jicho la msomaji ndo linaunganisha. Mwaka 1929 mchora herufi wa Kijerumani Paul Renner akatoa Futura Black, stensili nene sana ambayo ilichorwa kwa ajili ya kuchapa mabango na matangazo, wala sio kwa kukata bati. Hizi ni njia mbili tofauti na lazima ujue we unaenda ipi: fonti yenye sura ya stensili tu kwa ajili ya skrini na karatasi, au fonti ambayo mtu ataikata kweli na kupuliza rangi. Ushauri wangu ni uchore ya kukatwa, maana ile inayokatika vizuri itakaa vizuri na kwenye skrini, ila kinyume chake mara nyingi kinagoma.

Hatua ya 1: vifaa

Inkscape kwa kuchora na FontForge kwa kutengeneza fonti yenyewe. Zote ni bure, zinakubali Windows, Mac na Linux, na hazihitaji kompyuta kubwa. Chukua pia daftari la hesabu lenye vyumba na penseli, kwa sababu vyumba vile vinakulazimisha ufikirie kwa vipimo badala ya kuvutwa na mkono. Chora herufi kumi hivi kwenye daftari kwanza ndo ufungue kompyuta.

Hatua ya 2: gridi na namba zako

Fungua faili la Inkscape la pikseli 1000 kwa 1000, weka gridi ya 50, washa kunasa kwenye gridi (snap). Mstari wa msingi ambao herufi zinakanyaga uwe pikseli 200 kutoka chini, kwa sababu FontForge kwa kawaida inagawa 800 juu na 200 chini. Alafu andika namba hizi pembeni na usizivunje bila sababu:

urefu wa herufi kubwa 700
unene wa mguu wa wima 200
unene wa mstari wa kulala 180
daraja 50

Hiyo 180 sio makosa. Mstari wa kulala ukiwa na unene sawasawa na wa wima, jicho linauona mnene zaidi, kwa hiyo unaupunguza kidogo ili vionekane sawa. Vilevile herufi za duara kama O, C na G zizidishe 10 juu na 10 chini, la sivyo zitaonekana fupi zikikaa pembeni ya H. Kijiometri maana yake unaanza na rula na bikari, ila jicho ndo linamalizia.

Kuhusu 50 ya daraja, piga hesabu kabla hujaikubali. Ukikata herufi za sentimita 10 kwa urefu, daraja litakuwa na upana wa milimita 7 hivi, hapo manila inashika vizuri. Ukishuka kwenye herufi za sentimita 3, daraja linabaki milimita 2 na karatasi itachanika mapema. Kwenye skrini, fonti ya pikseli 60 inakupa mkato wa pikseli 3, safi kabisa, ila ukiishusha mpaka 16 mkato haufiki hata pikseli moja na herufi zinazibana. Kama kazi yako kubwa ni magunia ya juti au katani ongeza daraja lifike 70 au 80, kwa sababu rangi inatambaa kwenye nyuzi na inapenya chini ya daraja kutoka pande zote mbili.

Hatua ya 3: anza na A, sio na O

Miongozo mingi ya kuchora fonti inakwambia uanze na H na O. Kwa Kiswahili mimi naanza na A. Angalia maneno ya kwetu kama KAHAWA, BARABARA, SALAMA, A iko kila silabi. A ikiwa mbaya, fonti nzima ni mbaya hata kama Q yako ni ya kuvutia kiasi gani.

A yangu inajengwa hivi. Chini upana 700, juu isiwe na ncha kali, ikate bapa upana wa 250. Kila mguu uwe na 180 pale unapokanyaga. Mstari wa kati uanzie 130 kutoka chini uishie 260, mwembamba kuliko ile 180 kwa makusudi, ili kipembetatu cha juu yake kipate hewa. Baada ya hapo pitisha mkato mmoja wa wima wa 50 katikati kabisa, kuanzia kileleni mpaka chini ya mstari wa kati. Unapata nusu mbili zinazotazamana kama kwenye kioo, na kipembetatu cha ndani sasa kimeshikwa na karatasi iliyopita kileleni. Ule ubapa wa 250 ukitoa mkato unabaki 100 kila upande, na hiyo 100 ndo inakuokoa wakati wa kukata, kwa sababu kilele chenye ncha kali kikigawanywa mara mbili kinakuwa visindano viwili ambavyo wembe unavikosea na rangi inavivujia.

Kwa Inkscape unachora umbo zima kwanza, unachora mstatili wa upana 50 juu yake, unachagua vyote viwili, alafu unaenda menyu ya Path unabonyeza Difference. Mstatili unapotea na mkato unabaki.

Sasa O: duara la nje 720 ukihesabu na ile nyongeza ya juu na chini, duara la ndani 320, alafu mkato uleule wa wima wa 50 katikati. Sheria imeshajitengeneza hapo, mikato ya fonti hii ni ya wima. Ukianza kuchanganya, huku wima, huku kulala, huku mshazari, neno zima linakuwa na vurugu hata kama msomaji hawezi kukwambia kwa nini.

Hatua ya 4: herufi nyingine, na habari ya ndimi

B, D, P na R ni rahisi, weka mkato wa wima kati ya mguu wa kushoto na tumbo. Kwa D utapata nguzo na nusu duara, inapendeza sana. K vilevile, nguzo imesimama peke yake na mikono miwili imeungana pembeni.

Ugumu unakuja kwenye herufi ambazo hazina tundu lililofungwa: H, U, E, M, N, S. Wengi wanasema hizi hazihitaji daraja kwa sababu hakuna kitu kinachodondoka. Ni kweli hakidondoki, ila chukua U iliyokatwa uiangalie. Ile sehemu ya katikati ni ulimi mrefu wa karatasi ulioshikwa juu tu, upande wa chini unaning'inia. Ukipuliza spre ulimi unanyanyuka, rangi inaingia chini yake na ukingo unakuwa na ukungu. M ina ndimi nyembamba zaidi na ndo inaongoza kwa kuharibu kazi. Kwa hiyo U ipe mkato katikati ya kitako, sawasawa na O, ulimi unashikwa juu na chini. H itenganishe mguu wa kushoto na mstari wa kati, mstari ubaki umeungana na mguu wa kulia. Vipimo vyake: mguu kuanzia 0 mpaka 200, mkato mpaka 250, mstari wa kati mpaka 400, mguu wa kulia mpaka 600. M na N tenganisha miguu ya wima na mishazari. E tenganisha nguzo na vidole vitatu.

W ukiikata katikati kabisa inasomeka kama V mbili, usifanye hivyo. Ichukulie kama A iliyogeuzwa, weka mikato miwili ya wima kwenye vile vitako viwili vya chini, kile kilele cha kati kiache kizima. Sasa andika KAHAWA kwenye skrini, sogea mbali, fumba macho nusu. Unatakiwa uone mistari myeupe inapita kwa mpigo unaofanana kutoka K mpaka A ya mwisho bila sehemu yoyote kuwa doa jeusi. Kama W ni doa, mikato yake haitoshi. Kama H inang'aa kuliko wenzake, uwazi wake wa katikati ni mpana, upunguze.

S itakusumbua zaidi ya zote na hakuna mtu inamwacha salama. Mimi naijenga kwa matao mawili yanayopishana, naipa mkato mmoja wa wima pale katikati kwenye mgongo, naachia hapo. I na L ziache nzima. I ukiikata inageuka vitu viwili visivyo na jina.

Namba usizisahau, maana bango la kwetu lina namba ya simu na bei. 0, 6, 8 na 9 fuata O. 4 fuata A. Chora pia alama ya kujumlisha kwa ajili ya +255 na +254, mkwaju na alama ya sawasawa kwa ajili ya bei, maana mtu ataandika 5,000/= na kama hizo alama hazipo kompyuta itachomeka za fonti nyingine na bango limeharibika. Na ile ya NG'OMBE na NG'AMBO! Kitone cha juu kinaweza kuandikwa kwa namna mbili, ule wima wa kibodi na ule uliopinda ambao simu na programu za kuandikia zinauweka zenyewe, kwa hiyo jaza nafasi zote mbili, ambazo namba zake ndani ya fonti ni U+0027 na U+2019, kwa mchoro mmoja. Kwenye fonti ya stensili kimraba kilichokatwa mshazari chini kinatosha. Q na X Kiswahili hakizitumii ila majina ya watu na ya biashara yanazitumia, chora.

Hatua ya 5: nafasi kati ya herufi

Hapa ndo fonti nyingi za stensili zinapofia. Ndani ya herufi kuna mkato wa 50. Kama nafasi kati ya herufi na herufi nayo ni 50, msomaji hajui O inaishia wapi na inayofuata inaanzia wapi, anaona mfululizo wa nusu duara tu. Nafasi ya nje lazima ishinde daraja, na ishinde waziwazi. Kwa miguu ya wima mimi naweka 60 kila upande, zikikutana mbili inakuwa 120. Kwa duara 45 kila upande, ambayo inakupa 90 pale matumbo yanapokaribiana, na kwa kuwa yanapinda juu na chini uwazi unaonekana mkubwa zaidi ya hapo.

Jaribu na maneno halisi. KARIAKOO inakupa O mbili zilizobanana mwishoni, GONGO LA MBOTO ina O nne na G mbili. Majina ya vituo vya daladala ni mtihani mzuri kwa sababu lazima yasomeke kwa mbali na kwa haraka.

Alafu kuna herufi zinazohitaji kuvutwa karibu wawili wawili. Kwa Kiingereza watu wanahangaika na AV na To, sisi kwetu mkubwa ni WA, unatokea kila mahali, WATU, KWA, WANAWAKE. Baada yake AW, YA na TA. Mshazari wa W na wa A unaelekea upande mmoja kwa hiyo unaweza kuzisogeza sana, na kishawishi ni kuzibana mpaka zipendeze. Usipitilize, uwazi wa mshazari kati yao ubaki angalau 90, ukifika 50 W na A zinageuka herufi moja ya ajabu.

Hatua ya 6: kuingiza FontForge

Kila herufi ihifadhi kama faili lake la SVG, yaani faili la mchoro la Inkscape, vitu vyote vikiwa vimegeuzwa kuwa njia (path) na vimeunganishwa. Fungua FontForge, fonti mpya, kwenye taarifa za fonti weka jina na hakikisha em, yaani kimo cha chumba ambamo kila herufi inachorwa, ni 1000. Bonyeza mara mbili kwenye chumba cha herufi, ingiza SVG yake kutoka menyu ya File. Ukimaliza zote, chagua fonti nzima uende menyu ya Element ufanye mambo matatu: Add Extrema, Round to Int na Correct Direction. Hilo la mwisho ni muhimu, njia ikizunguka upande usio wake tundu la herufi linaweza kujaa weusi. Maliza na Validate uone kama kuna njia zinazokatana.

Herufi ndogo sikushauri uchore kwenye fonti ya kwanza. Chukua herufi kubwa uziweke kama marejeo kwenye vyumba vya herufi ndogo, ili mtu akisahau kubonyeza kepsi asipate vyumba vitupu. Weka nafasi ya maneno, 260 hivi, kisha toa fonti kama OTF kwa kompyuta na WOFF2 kwa tovuti. Ukitaka watu waitumie bure na waiboreshe, leseni iliyozoeleka ni ile ya SIL inayoitwa OFL, weka maandishi yake ndani ya folda pamoja na fonti.

Kama huna muda wa kuchora na kazi ni ya kesho, Google Fonts wana za bure zenye sura hii, Saira Stencil One, Big Shoulders Stencil na Allerta Stencil. Ziangalie kwa macho ya hizi hatua hata kama unachora yako, utajifunza jinsi kila mmoja alivyoamua kuhusu A na S.

Hatua ya 7: kuipangia kazi

Hii ni fonti ya kichwa cha habari, jina la duka, namba ya chumba, bango. Maneno manne matano basi. Maelezo yanayofuata chini yaandike kwa fonti ya kawaida nyembamba, ili stensili ibebe uzito peke yake. Kwenye tovuti usiishushe chini ya pikseli 40. Kwa bango la kusomwa kwa mbali, kipimo cha kuanzia ni sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3, yaani mtu akiwa mita 12 herufi ziwe sentimita 10, na kwa kuwa stensili ina mikato ongeza kidogo.

Usiivute kwa upana. Mikato yote ni ya wima, ukiivuta kwenda pembeni madaraja yananenepa pamoja na herufi, na ukiibana yanatoweka. Usiizungushie mstari wa nje kwa sababu unaziba madaraja. Rangi moja juu ya rangi moja inatosha, na picha yenye mambo mengi kwa nyuma inameza mikato yote.

Hatua ya 8: kukata na kupuliza

Manila ni sawa kwa kazi ya mara chache. Kwa kazi ya kurudia, filamu ya zamani ya eksrei ni kitu kizuri sana, iloweke kwenye dawa ya kuondoa madoa mpaka weusi utoke, isuuze, utapata plastiki inayoonyesha, ngumu, isiyolowa. Inakatika kwa wembe vizuri na kwa kuwa unaona chini yake ni rahisi kupanga mstari. Ukipeleka kwa fundi wa leza mpe SVG moja kwa moja. Kama ni mashine ya CNC ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta, kumbuka kisu chake ni cha duara, kisu cha milimita 3 kinaacha kona za ndani na mviringo wa milimita 1.5, kwa hiyo kona za herufi hazitakuwa kali.

Kwa mkono, kata vipande vidogo na vya ndani kwanza wakati karatasi bado ina nguvu, mistari mirefu ya nje mwisho. Kwenye duara zungusha karatasi, mkono utulie. Kwenye kona anzia konani uelekee nje, usimalizie konani, utapitiliza na kukata daraja.

Ukutani futa vumbi, piga mstari wa chaki, bandika stensili kwa tepu ya karatasi, na zile ndimi zilizobaki zipige gundi nyepesi ya spre kwa nyuma. Kopo lishike sentimita 20 mpaka 30 kutoka ukutani, lielekeze moja kwa moja, sio upande, pita haraka mara tatu nyepesi badala ya mara moja nzito. Vaa barakoa. Ukitumia brashi au sponji, chovya, alafu gonga kwenye gazeti mpaka ibaki karibu kavu, ndo ugonge ukutani kwa kushuka wima bila kuburuza.

Baada ya kupuliza mara kadhaa geuza stensili uangalie nyuma, rangi ikishaanza kujikusanya kwenye kingo za madaraja mkato unaanza kupungua, ifute kwa tina kama ni filamu au ikaushe uikwangue taratibu. Daraja likichanika, libandike tepu mbele na nyuma alafu upitishe wembe upya kwenye kingo. Zihifadhi zikiwa zimelala juu ya ubao na gazeti katikati yake, ukizikunja au kuzisimamisha zinajipinda na hazitalala ukutani tena.